Mbwa Naye Huulizwa Hati Mpakani

Mtu akisikia kwamba mbwa hawezi kutoka Nairobi kwenda London mpaka apigwe sindano, atolewe damu, aandikiwe vyeti na kungojea miezi, aghalabu hucheka. Husema, "Binadamu mwenyewe hupata pasi yake akaondoka, mbwa ni nani hata asumbukiwe hivyo?" Lakini jambo hili si heshima apewayo mbwa, wala si mchezo wa matajiri. Nchi zilizoweka sheria hizo ziliziweka baada ya kuonja uchungu, na mwenye kuujua uchungu huo hacheki tena.

Siku hizi watu wengi wa Kenya huenda ng'ambo kwa kazi, kwa masomo, au kukaa na jamaa zao. Wengine hurudi nyumbani na watoto waliozoea kulala karibu na paka wao. Kwa hiyo yafaa kujua sheria hizi zatoka wapi, zataka nini, na kwa nini zina faida hata kwa mtu ambaye mbwa wake hatavuka mpaka wo wote maisha yake.

UGONJWA USIOBISHA HODI

Adui anayeogopwa hasa mpakani ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akimwuma mwenziwe au mtu, mate huingia katika jeraha, na virusi husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo ya polepole ndiyo hatari yenyewe, maana wakati wote huo aliyeumwa haonekani kuwa na neno. Mbwa hula, hucheza, na humpokea bwana wake mlangoni kwa furaha. Kwa mbwa wengi dalili huonekana baada ya majuma matatu hadi manane, lakini kwa wengine hupita hata miezi sita. Zikisha kuonekana, mnyama hufa kwa siku chache. Kwa binadamu ni vivyo hivyo: dalili zikianza, karibu wote hufa, na hospitali haina dawa ya kuwaponya.

Basi ofisa aliye mpakani atajuaje? Akimtazama mbwa ataona macho maangavu na mkia unaotikisika. Mtu aweza kuulizwa, naye akajibu. Lakini mbwa hawezi kusema ya kwamba mwezi uliopita aling'atwa na mbwa wa jirani. Hati ndizo zisemazo kwa niaba yake.

Hapa Kenya ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja kando ya mji wa Nairobi, na mwaka 1928 ukaandikwa kuwa umempata binadamu. Tangu hapo haujatoka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ulimwenguni pote hufa watu kama 59,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, walio wengi wakiwa Afrika na Asia. Na katika kila 100 wanaoupata, karibu 99 wameupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mtoto ni mfupi, hukimbia ovyo, hucheza na mbwa asiyemjua, na pengine huficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa.

UINGEREZA ILIVYOFUNZWA

Uingereza ni kisiwa, na bahari ni ukuta mzuri kwa mwenye kuulinda. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Bwana Walter Long, aliyekuwa na madaraka ya kilimo katika Serikali ya nchi ile, aliamuru mbwa wafungwe vifuniko vya midomo katika wilaya zenye ugonjwa, na tangu mwaka 1897 mbwa atokaye ng'ambo hakuruhusiwa kuingia ila kwa kibali. Wenye mbwa walikasirika mno. Walisema mbwa wao waonewa, na wengine waliandika barua nyingi za kulalamika. Lakini ilipofika mwaka 1902 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha nchini.

Amani hiyo ilidumu miaka 16. Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ilipokuwa inamalizika, ugonjwa ulizuka tena kusini-magharibi ya nchi, katika sehemu za Plymouth. Ilionekana ya kwamba askari waliokuwa wakirudi kutoka Ulaya walikuwa wameingiza mbwa kwa siri. Haifai kuwahukumu kwa ukali mno: askari aliyekaa mwaka mzima katika mahandaki, na rafiki yake wa pekee ni mbwa, si ajabu akimficha ndani ya koti lake. Walakini huruma ya mtu mmoja iliwagharimu watu wengi. Ilichukua mpaka mwaka 1922 kuuondoa ugonjwa huo mara ya pili.

Baada ya hayo sheria ilikazwa. Mbwa au paka aingiaye alifungwa karantini miezi sita kamili, akiwa mzima au mgonjwa. Wenyewe waliruhusiwa kumtembelea, na gharama ilikuwa juu yao. Hata hivyo ukuta huo nao ulionekana kuwa na ufa. Mwaka 1969 mbwa mmoja mdogo, jina lake Fritz, aliyeletwa na jamaa waliotoka Ujerumani, alimaliza miezi sita yake akatoka salama. Siku chache baadaye, nyumbani kwao Camberley, alishikwa na kichaa akauma watu. Wakuu wa nchi waliingiwa na hofu kwamba ugonjwa ungewafikia wanyama wa mwituni, na wawindaji wakatumwa kuwaua mbweha na wanyama wengine katika vichaka vya jirani.

Funzo lilikuwa hili: kufunga peke yake hakutoshi. Kumfungia mnyama ni kungojea ugonjwa ujitokeze. Kumchanja ni kuuzuia usiingie. Kwa hiyo, dawa ya chanjo ilipokuwa imara na njia ya kupima damu ikajulikana, Uingereza ilibadili mpango wake. Tangu tarehe 28 Februari 2000 wanyama kutoka nchi fulani waliweza kuingia bila karantini, iwapo wamechanjwa, wamepimwa damu na wana alama ya kuwatambulisha. Sheria hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini msingi wake ndio huo huo.

KISIWA CHA PEMBA

Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Pemba. Katika kisiwa kile mbwa walichanjwa kwa kampeni zilizorudiwa, na mwaka 2014 kichaa cha mbwa kikakatika. Lakini kampeni zikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukaonekana tena. Wataalamu walipochunguza virusi vyenyewe, walitambua kwamba uliingia kutoka nje ya kisiwa mara mbili, wala hapana aliyeuona ukiingia. Ikabidi kazi ianze upya: kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji na kuwafuata walioumwa nyumba kwa nyumba, mpaka mwaka 2018 ulipokatika mara ya pili.

Mbwa mmoja tu ndani ya chombo cha bahari atosha kuharibu kazi ya miaka. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; na watu wa Pemba wameujenga ukuta wao mara mbili.

VYETI VYA UONGO

Hati ina nguvu ikiwa ni ya kweli. Ikiwa ya uongo, ni afadhali isingekuwapo, kwa sababu humtuliza ofisa moyo palipo na hatari. Mwezi wa Juni 2021 mbwa 33 na paka mmoja waliletwa Chicago, Marekani, kutoka Azerbaijan. Wote walikuwa na vyeti vya chanjo. Baada ya siku chache mmoja wa mbwa wale, aliyekwisha kupelekwa katika jimbo la Pennsylvania, aliugua, na alipopimwa akaonekana kuwa na kichaa. Wenziwe walikuwa wamekwisha kutawanywa kwa watu wa majimbo mbalimbali, ikawa kazi kubwa kuwatafuta mmoja mmoja pamoja na kila mtu aliyewagusa.

Wakati huo Wamarekani walikuwa wamekwisha kuona kwamba vyeti vilivyoghushiwa vyazidi kuongezeka. Mwezi wa Julai 2021 walisimamisha uingizaji wa mbwa kutoka nchi zenye kichaa kingi, Kenya ikiwa mojawapo, isipokuwa kwa kibali maalum. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 kuna sheria nyingine: mbwa ye yote aingiaye Marekani awe ametimiza miezi sita, awe na alama ya utambulisho mwilini, na bwana wake awe amejaza fomu ya Serikali. Atokaye nchi yenye kichaa, kama amechanjwa nje ya Marekani, huongezewa masharti, nayo ni kushuka katika viwanja vya ndege vichache vilivyochaguliwa na kukaguliwa huko. Akikosa hati ya kipimo cha damu, hufungwa siku 28.

Australia nayo haimtazami mtu usoni. Mwaka 2015 wachezaji sinema wawili mashuhuri wa Marekani, mume na mke, waliingia nchini humo kwa ndege yao wenyewe pamoja na mbwa wawili wadogo, Pistol na Boo, wasiwatangaze. Waziri wa Kilimo alisema waziwazi kwamba mbwa hao waondoke au wauawe. Waliondoka. Mwaka uliofuata mke alisimama mahakamani akakiri kosa la kutoa hati yenye maneno yasiyo kweli, na wote wawili wakaomba radhi hadharani. Sifa za sinema hazikuwafaa kitu.

HATUA HUFUATA HATUA

Tuseme, basi, kwamba mtu wa Nairobi ataka kumpeleka mbwa wake Uingereza. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza huzihesabu kuwa salama, na kwa sababu hiyo masharti yake ni ya kamili. Mambo hayo huenda kwa utaratibu, na atakayeuvuruga utaratibu atarudi mwanzo.

Kwanza, mnyama huwekwa chini ya ngozi, kati ya mabega, kidude kidogo kiitwacho mikrochipu, kisichozidi punje ya mchele. Hakina betri wala hakimwumizi. Kikisomwa kwa chombo chake hutoa namba ya tarakimu 15, ambayo hakuna mnyama mwingine aliye nayo. Hilo ndilo jina lake mbele ya Serikali. Manyoya yaweza kufanana, jina la "Simba" laweza kuitwa mbwa mia, lakini namba hiyo ni yake peke yake.

Pili, huchanjwa sindano ya kichaa, naye awe ametimiza angalau majuma 12. Hapa ndipo wengi hukosea. Chanjo iliyopigwa kabla ya kidude kuwekwa haihesabiwi, maana hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu. Aweza kuchanjwa siku ile ile, lakini kidude kitangulie.

Tatu, baada ya siku 30 au zaidi, daktari wa mifugo humtoa damu, nayo hupelekwa katika maabara iliyokubaliwa. Huko hupimwa kama chanjo imefanya kazi mwilini. Kipimo cha chini kinachokubaliwa ni nusu yuniti katika kila mililita moja.

Nne, huja kungojea miezi mitatu tangu siku ile damu ilipotolewa. Wengi huuliza, "Kipimo kimekuwa kizuri, kwa nini kungoja tena?" Sababu ni ile ile ya safari ya polepole. Yawezekana mbwa aliumwa kabla ya kuchanjwa, na virusi vimo njiani. Miezi hiyo ni ya kuona kama ugonjwa uliolala utaamka.

Tano, daktari humwandikia cheti cha afya, nacho hutiwa sahihi ya ofisa wa Serikali. Cheti hicho chatumika kuingilia kwa siku 10 tu. Mbwa, wala si paka, hupewa pia dawa ya tegu mbele ya daktari, muda usiopungua saa 24 wala kuzidi saa 120 kabla ya kuingia.

Ukizijumlisha siku hizo, utaona kwamba kazi yenyewe yataka zaidi ya miezi minne. Mtu apataye barua ya kazi leo, na safari ni mwezi ujao, hawezi kuondoka na mbwa wake kwa njia ya halali. Itambidi amwache kwa mtu mwaminifu amfuate baadaye. Akijaribu njia ya mkato, mnyama akifika na hati pungufu aweza kufungwa karantini hata miezi minne, au kurudishwa alikotoka, na gharama zote ni za mwenyewe. Tena, chanjo isiachwe ipitwe na muda wake. Ikipita hata siku moja, kipimo cha damu hakitumiki tena, na yote huanzwa upya. Mali bila daftari huisha bila habari.

SANDUKU NA NDEGE

Mbwa aingiaye Uingereza kwa ndege husafirishwa kama mzigo wenye hati, isipokuwa mbwa wa kuwaongoza vipofu na wa kazi kama hiyo. Huko London wanyama hupokewa katika kituo chao pale Heathrow, kinachoendeshwa na Halmashauri ya City ya London, na hapo namba husomwa na vyeti hukaguliwa kabla bwana wake hajamwona. Watu wasiojua hudhani kwamba mbwa huwekwa mahali penye baridi kali pasipo hewa. Sivyo, sehemu wawekwamo wanyama hutiwa hewa na joto.

Sanduku lake lazima liwe imara, lenye matundu ya hewa, na kubwa kiasi cha kumwezesha kusimama bila kichwa kugusa juu, kugeuka, na kulala. Chombo cha maji kifungwe ndani. Mwenye busara humzoeza mapema, majuma mengi kabla ya safari: humlisha ndani ya sanduku na kumwacha alale humo mlango ukiwa wazi, hata siku ya safari liwe kama chumba chake. Dawa za usingizi hazifai kumpa, kwa sababu angani zaweza kumletea shida ya kupumua. Mbwa wenye pua fupi huhitaji uangalifu zaidi, maana hushindwa upesi na joto, na mashirika mengine ya ndege huwakataa kabisa. Gharama ya yote haya si ndogo. Mara nyingi hupita nauli ya mtu. Ni vema jamaa waketi wakahesabu kwanza, kuliko kuahidi watoto jambo lisilowezekana.

MIPAKA YA NCHI KAVU

Mipaka yetu mingi haina bahari. Namanga, Busia, Taveta na Malaba watu huvuka kila saa, na wengine huvuka na mbwa. Sheria hapo ni kwamba mnyama awe na kibali cha nchi aendayo, cheti cha afya na cheti cha chanjo. Hali kadhalika, aingizaye mbwa Kenya hutakiwa kupata kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo kabla ya mnyama kufika. Lakini mbwa wa mchungaji hajui bendera. Hufuata ng'ombe malishoni, asubuhi yupo upande huu, jioni upande wa pili, wala hapana ofisa wa kumwuliza.

Kwa mbwa wa namna hiyo ulinzi hauwezi kukaa mpakani. Sharti ukae katika boma lake. Wataalamu wamepata kuona kwamba mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, na chanjo hiyo ikarudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukafa wenyewe. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kuondoa vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango huo wategemea madaktari, na zaidi wategemea mwenye mbwa: siku ya chanjo ikitangazwa sokoni au shuleni, amlete mbwa wake kwa kamba, asiseme kwamba ni mbwa wa mlangoni tu.

Wala hakuna kungoja safari ndipo kujilinda. Mtu akiumwa, au akikwaruzwa na kutiwa mate, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akaanze sindano. Asitie majani wala mafuta, asifunge jeraha akangoja kuona kama mbwa atakufa. Sindano zikipigwa mapema huokoa. Zikichelewa mpaka dalili zianze, hazifai kitu. Mtoto aliyeumwa asigombezwe, maana agombezwaye leo ataficha jeraha kesho.

Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbwa avukaye mpaka ni mgeni kama wageni wengine, na mwenyeji wake atazamia kupona, si kuugua. Mwenye kumpenda mnyama wake na amtendee haki: amchanje mapema, atunze vyeti vyake mahali pakavu, aanze hesabu ya siku mapema, na aseme kweli mbele ya ofisa. Kwa kufanya hivyo mbwa wake atapita, na watoto wa nchi aendayo, pamoja na watoto wa nchi aliyoiacha, watacheza naye bila hofu.